Vitelezi Vinne

Vitelezi vinne vilikuwa vimepungua kwenye boksi, na boksi lilitakiwa kurudi dukani saa kumi jioni likiwa kamili.

Fundi cherehani alijua vilipo. Vilikuwa chini ya mguu wa cherehani yake, ule unaokandamiza kitambaa. Alivibandika jana yake kwa mikono yake mwenyewe, baada ya kuvipunguza kwa mkasi ili vienee. Kuvirudisha hakukuwezekana tena.

Boksi lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Wiki nzima binti huyo alikuwa amekaa na kompyuta kwenye kona ya karakana, akipima kipanya cha kuchezea michezo, kile kisicho na waya. Duka la vifaa vya michezo lilikuwa limempa kazi ya majaribio: akipime kipanya na vikorombwezo vyake vyote, aandike ripoti, arudishe kila kitu. Akifaulu, anaajiriwa. Mwaka mzima alikuwa hana kazi, na mwaka mzima fundi alikuwa akimwambia kwamba michezo haijazi sufuria.

"Shemeji, mbona leo umenuna?" aliuliza akiingia. "Dada amekunyima chai?"

"Nina kazi."

"Nasikia. Leo inakwenda vizuri."

Alivuta kiti, akafungua boksi na kuanza kuhesabu kwa sauti. Kipanya, kipo. Kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta, kipo. Waya wa kuchajia, upo.

"Vitelezi vya akiba, vile vyeupe vya kubandika tumboni mwa kipanya ili kiteleze mezani..." Akainua macho. "Havipo."

"Labda nilivifagia."

"Wewe? Karakana hii haijaonja ufagio tangu umuoe dada yangu."

"Basi mteja kaondoka navyo."

"Mteja wa jana alikuwa yule bibi wa sketi. Naye siku hizi anacheza michezo?"

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Kosa likawa hilo hilo.

"Shemeji," binti alisema taratibu, "kushona unajua, kudanganya hujui. Wiki nzima hiyo cherehani ilikuwa inakohoa kila ikipanda ngozi bandia, na wewe unaitukana mpaka naona aibu mimi. Leo haijakohoa hata mara moja. Hebu nyanyua huo mguu."

Fundi akanyanyua. Njia ya mwongo fupi.

"Makubwa! Cherehani imenunuliwa viatu! Na mkasi nao, mbona umevaa soksi?"

Ulikuwa mkanda mweusi wa kubandika ubavuni mwa kipanya ili kisiponyoke mkononi, nao wa kutoka boksini. Fundi aliuviringisha kwenye mpini wa mkasi siku mbili nyuma, akatumaini hakuna atakayeona.

"Mkono unatoa jasho," alisema.

"Nimeandika kwamba haubanduki kwa jasho. Ahsante kwa kunithibitishia."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha. Akatazama lile boksi, akakifunga kifuniko pole pole.

"Hii kazi naitaka, shemeji."

Katika miaka yote ya utani wao, fundi hakuwahi kumsikia akisema jambo bila kulitia chumvi. Akachukua bisibisi, akaufungua mguu wa cherehani, akautia mfukoni pamoja na mkasi.

"Twende. Nitasema mimi."

Dukani fundi hakuzungusha maneno. Aliuweka mguu juu ya kaunta, mkasi kando yake. "Mwizi ni mimi. Huyu hana kosa. Ngozi bandia ilikuwa inakwama, nikavibandika hapa. Sasa haikwami."

Mwenye duka alisoma ripoti. Mwishoni kulikuwa na mstari ulioandikwa njiani, herufi zikiyumba: *Vitelezi vya akiba vimepita mita ishirini za ngozi bandia bila kukwama. Aliyevijaribu ni shemeji yangu, na hakuomba ruhusa.*

Aliugeuza ule mguu mkononi, akavipapasa vitelezi kwa kidole. Kisha akageuka kutazama viti vya wachezaji nyuma yake, vimepasuka, sponji nje.

"Kwa hiyo ngozi bandia unaishona?"

Fundi akaviona viti, akaona na tabasamu la mwenye duka. Mbuzi kafia kwa muuza supu.

"Msichana aanze Jumatatu," mwenye duka alisema. "Na wewe pia. Yeye nitamlipa."

"Shemeji," binti alinong'ona wakitoka, "kumbe michezo inajaza sufuria. Sema si ya kwako."

Vitelezi vyote vinne, ukivipanga pamoja, havifuniki kifungo cha koti. Viligharimu viti sita, mita tisa za ngozi bandia, sindano tatu na siku nne za kazi. Mkanda wa mkasi ulihesabiwa peke yake: mto mmoja wa kiti cha mwenye duka.