Mnara wa Uani kwa Mama Mkwe

Fundi wa minara aliogopa vitu viwili tu: nyuki na mama mkwe wake. Nyuki walikuwa na dawa yao, unapuliza na kusubiri. Mama mkwe hakuwa na dawa, na kwa bahati mbaya mnara mmoja wa kampuni ulisimama uani kwake.

Hakuna aliyemfanyia makusudi. Kilima kile ndicho pekee kilichoonana na mjini upande huu na bonde upande ule, na kampuni iliomba pa kusimika mlingoti kabla yeye hajawa mkwe wa mtu. Binti wa nyumba ile alimwona siku ya kuusimika. Fundi alikuwa juu na spana mkononi, akachungulia chini, akasahau alichopandia. Wenzake walimwita Kima tangu siku hiyo, na jina likamganda.

Sasa ilikuwa miaka sita ya ndoa. Mlingoti bado ulikuwepo, mwembamba, wa mita kumi na tano, umeshikiliwa na nyaya tatu za chuma zilizofungwa ardhini. Juu yake kulikuwa na madishi mawili. Moja lilitazama mjini, jingine lilitazama shule ya bweni ng'ambo ya bonde, na hili la pili ndilo lililoleta vituko.

"Fundi," mwalimu mkuu alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, "mtandao wenu ni kama yule mwanafunzi wangu mtoro. Jina lipo kwenye orodha, mwenyewe hayupo."

Fundi akampigia mama mkwe jioni, kama adabu inavyotaka, kumwarifu kwamba angefika kesho yake saa sita. Mkwe hamvamii mkwe. Alipofika alimkuta mlangoni, kajifunga kitambaa safi, ua limefagiwa hata majani yanaona aibu kuanguka. Akamwamkia, akapanda. Dishi lilikuwa zima na mawimbi yalijaa tele. Hata hivyo alibadilisha kebo, asije akaonekana alikwenda kutembea, akashuka, akaaga, akaondoka mbio.

Siku tatu baadaye mwalimu mkuu akapiga tena. Fundi akarudi, akakuta mambo shwari, akabadilisha redio yenyewe inayorusha mawimbi. Mara ya tatu alibadilisha betri. Mara ya nne hakikubaki cha kubadilisha ila mlingoti na mama mkwe.

Ofisini kulikuwa na dada aliyeshinda mbele ya kompyuta akitazama michoro ya mawimbi, mistari inayopanda na kushuka. Walimwita Dada Mistari. Asubuhi moja alimwita fundi, akamvutia kiti.

"Kaa, Kima. Nimekuchorea maisha yako." Akaonyesha kioo. "Angalia. Mawimbi yanaanguka Jumanne na Ijumaa tu. Saa nne asubuhi, pu. Halafu hayarudi ghafla, yanapanda taratibu, taratibu, mpaka saa tisa yamepona."

"Joto," alisema fundi. "Chuma kinatanuka."

"Chuma kinajua Ijumaa? Na haya, siku za mvua hakuna tatizo kabisa. Minara ya watu wote inalia mvua ikinyesha, wako unafurahi." Akasogeza mchoro mwingine. "Lakini kinachonichekesha ni hiki. Hizi ndizo siku ulizokwenda kutengeneza. Kila mara mawimbi yanapona nusu saa kabla hujafika. Ule mnara unakuogopa."

Fundi alicheka, lakini kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Nusu saa kabla hajafika. Nani alijua kwamba anakuja, zaidi ya mtu mmoja?

Usiku ule alichezea chakula mezani, mpaka mkewe akamwuliza kama chakula kina mchanga.

"Mama yako," alianza, akachagua maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "Jumanne na Ijumaa huwa anafanya nini?"

"Anafua mablanketi ya bweni. Tangu astaafu, amepewa kazi na shule. Kwani hujui?"

"Sijawahi kuona hata blanketi moja pale."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Utayaonaje, nawe unapiga simu siku moja kabla kama waziri? Mama akisikia unakuja anaanua kila kitu. Anasema mkwe hawezi kuja akakuta nguo zinaning'inia." Kisha akamtazama vizuri, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Usiniambie ndiyo shida yenyewe."

"Sijasema kitu."

"Basi Ijumaa nenda bila simu."

"Nimvamie mama yako?"

"Unapanda nguzo za mita hamsini, unashindwa kupiga hodi."

Ijumaa saa tano asubuhi fundi aliacha gari chini ya kilima ili lisimtangulie kwa ngurumo, akapanda kwa miguu. Alipiga hodi kwa sauti ndogo mno, hodi ya mtu anayeomba asisikike. Akaingia uani.

Mablanketi sita ya kijivu, mazito, yanachuruzika maji, yalining'inia kwenye kamba mpya ya nailoni. Ncha moja ya kamba ilifungwa kwenye mpera. Ncha ya pili ilifungwa, kwa fundo zuri sana, kwenye waya wa mlingoti. Fundi akainua macho. Mlingoti ulikuwa umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Dishi lilitazama chini, si shuleni tena, bali mbuzi waliokuwa wakila bondeni.

Mama mkwe alitokea nyuma ya beseni, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Wakatazamana. Haikujulikana nani kati yao alitamani zaidi ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo hukupiga simu." Tayari alikuwa ameshaishika pembe ya blanketi la kwanza. "Ngoja nianue, unisamehe, nyumba imekuwa kama gati la mizigo."

"Mama, usianue. Nakuomba. Yaani, anua, lakini moja moja."

Akampigia Dada Mistari, akaweka simu kwenye kipaza sauti, akaiegesha kwenye ukingo wa beseni. "Uko kwenye mchoro?"

"Nipo. Shule iko asilimia ishirini, na mwalimu mkuu yuko kwenye simu nyingine, ananisomea barua."

Blanketi la kwanza likaanuliwa. "Thelathini," ilisema simu. La pili. "Arobaini na tano. Kima, unafanya nini huko?" La tatu na la nne waliyaanua kwa pamoja, kila mmoja ameshika upande wake, na mlingoti ukajinyoosha kama aliyeamshwa. "Themanini!" La mwisho likatoka. "Tisini na nane. Sasa niambie kuna nini, nisilale na kinyongo."

Fundi alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alilitazama blanketi mikononi.

"Mzigo kwenye waya," alisema fundi. "Nitaandika ripoti." Akakata.

Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa mtu wa kukaa hovyo mbele ya mkwe, na fundi alijua kwamba hilo lilimaanisha jambo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Miezi miwili unapanda na kushuka, ni mimi."

"Ni maji, mama. Yakikauka, mzigo unapungua, mawimbi yanarudi. Hukuwa na namna ya kujua."

"Ningekuuliza kama waya unafaa kwa kamba, ungenijibu. Lakini nitakuuliza saa ngapi? Ukija unaniamkia, unapanda. Ukishuka unaaga. Miaka sita naongea na mkwe wangu huku nimeinua shingo. Nilijiambia, huyu mtoto hanipendi, basi, la muhimu anampenda binti yangu."

Fundi alitafuta la kusema, akakuta alilo nalo ni lile la kweli tu. "Mimi nilidhani nakusumbua. Kila nikija unakuwa umevaa kama unakwenda harusini, ua limefagiwa. Nikasema, huyu mama namchosha, bora niondoke haraka apumzike."

"Nachoka kweli," alisema mama mkwe. "Kuanua mablanketi sita mabichi kwa nusu saa, nani asichoke?" Bega lake likatikisika, kisha la pili, ndipo fundi alipogundua kwamba anacheka.

Jumamosi alirudi na mkewe, nguzo mbili za chuma na mfuko wa saruji. Alichimba mashimo mbali na nyaya zote tatu, huku mama mkwe akimwonyesha jua linakopita. Mwalimu mkuu alipopiga simu kutaka kujua chanzo cha hitilafu, kwa maandishi, fundi alimjibu kwa heshima kwamba ni mablanketi ya bweni lake. Upande wa pili kikasikika kikohozi. Kisha mwalimu mkuu akasema maandishi si lazima.

Jumanne iliyofuata fundi alikuwa na kazi kilima cha pili, akapita. Alikuta ua halijafagiwa na mama mkwe kavaa gauni la kufulia, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Akaambiwa ashike ncha ya blanketi wakamue. Mama mkwe alisokota huku, naye fundi akasokota hukohuko, blanketi likazunguka bure hewani bila kutoa tone.

"Upande wa pili, baba," alisema mama mkwe. "Halafu watu wanakukabidhi minara."

Akabadilisha upande. Maji yakamwagikia viatuni, yote, na bado yalibaki mablanketi matano.