Nakshi za Baraza la Una

Tangu saa tatu asubuhi Nerida Coughlan alikuwa nyuma ya pazia la sebuleni, akimtazama bibie wa halmashauri akiipiga picha nyumba ya jirani, Una Pascoe. Bibie alipiga picha paa, akapiga dohani, kisha akapiga magoti kabisa ili azipate vizuri nakshi za chuma za barazani. Kwa Nerida hakutupa hata jicho.

Na nyumba zenyewe zilikuwa pacha! Fundi mmoja alizijenga mwaka mmoja, 1884, Melbourne ilipokuwa ikitanuka na kila mwenye nazo akitaka jumba nje kidogo ya mji. Ila mwaka 1961 Clem, mumewe Nerida, alitaka mambo ya kisasa. Aling'oa nakshi, akasimamisha nguzo za saruji. Nerida ndiye aliyemshikia ngazi. Sasa Clem hayupo, nguzo zipo.

Wivu ulimpanda. Alivua aproni, akaingia kwa Una bila hodi.

"Hizo nakshi unazopiga picha ni zangu," alimwambia bibie. "Upande wote wa kushoto! Za kwao zilikuwa zimeliwa na kutu, mumewe akaja kuokota zetu kwenye takataka. Nyumba hii imevaa nguo za kuazima."

Una alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Shoga, aliokota au aliomba? Si wewe uliyemwambia mume wangu Stan, 'Chukua, nisiyaone tena machuma hayo'?"

Bibie macho yalimng'aa, akamgeukia Nerida. "Mama, hebu rudia taratibu, niandike."

Baada ya miezi minne Una alikuja na barua ya halmashauri. Nerida aliisoma akiwa amesimama. Jumba la Bi Pascoe limeingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, hasa kwa kuwa limehifadhi nakshi asilia za nyumba mbili pacha. Nyumba ya jirani imebadilishwa mno. Haina thamani ya kihistoria.

Akaisoma tena. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza.

"Niliwauliza kama naweza kukurudishia zako," Una alisema. "Wamekataa katakata. Sasa hata msumari siruhusiwi kung'oa. Baridi inaniua, nataka madirisha ya alumini kama yako, hawataki hata kusikia. Wewe una raha zako, mwenzangu."

"Raha? Usinitanie, Una."

Siku ya kubandika kibao cha shaba cha urithi kwa Una, Nerida alioka keki, akaipeleka, akapiga makofi pamoja na majirani. Kijana wa gazeti la mtaa alimsogelea na daftari.

"Na wewe, mama, unakaa karibu hapa?"

"Hapana," alijibu, akiwa ameipa mgongo nyumba yake. "Mimi nakaa mtaa wa nyuma."