Filimbi ni Yangu

Filimbi ni yangu. Kwa miaka miwili nimeipuliza kila asubuhi saa kumi na moja na nusu hapa Kabiro, wanawake wa ploti wanatoka, tunatembea hadi msikiti wa Makina, tunageuka, tunarudi. Njia ile ile, mwendo ule ule. Mvua ikinyesha tunavaa makoti. Nilijivunia hilo.

Januari, Wangeci aliacha kutembea nasi. Wangeci ndiye mwenye ploti ninayopanga, ghorofa tano na ngazi za saruji. Alisema magoti yanamuuma na amechoka kufanya kitu kimoja. Nikawaambia wenzangu huo ni uvivu wa mtu anayeishi kwa kodi.

Kufikia Aprili mvivu huyo alikuwa anapanda ghorofa zote na mtungi wa lita kumi kila mkono, huku akisalimia watu. Gauni lake la kanisani lilimkaa vizuri kiunoni. Langu lilikuwa bado linagoma kwenye zipu, kama mwaka jana. Nikimwona kwenye ngazi narudi ndani nafunga mlango.

Halafu wanawake wakaanza kupungua. Jumatatu moja nilipuliza filimbi, akatoka Mama Celine peke yake, tena alitoka kuniambia haendi.

"Kwani wengine wako wapi?"

"Uani, kwa Wangeci. Usikasirike, Mama Audrey."

"Nani amekasirika?"

"Wewe. Unaitafuna hiyo filimbi."

Nikaenda uani. Wote walikuwa wanaruka kamba, tena kamba ile niliyoanikia shuka zangu jana yake.

"Karibu, Mama Audrey," Wangeci akasema. "Kamba tumemaliza. Sasa ni ngazi, kama utaweza."

"Mimi? Mimi mtu wa Makina kila siku?"

Kwenye ghorofa ya tatu mapaja yalikataa. Nikakaa chini, mdomo wazi, na wale niliowafundisha kuamka mapema wakanipita mmoja mmoja.

"Yawa! Kapteni amekwama!" Mama Celine alicheka hadi akashika ukuta.

Wangeci aliposhuka alikaa karibu nami. Hakuwa hata anahema.

"Mwili wako umezoea Makina," akasema. "Unaenda kama mtu anayeenda sokoni kununua mboga za sukuma. Mimi Jumatatu ni kamba na ngazi, Jumatano nabeba maji, Ijumaa natembea, Jumapili nalala. Nilianza na ghorofa moja tu. Hata magoti yametulia."

Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Nina diploma ya afya ya jamii. Niliandika hayo kwenye mtihani na nikapita: misuli ikizoea kazi moja haiongezi nguvu, na kiungo kinachotumika vile vile kila siku huchoka. Nikafunga daftari, nikaenda Makina miaka miwili.

"Shida yetu ni moja," Wangeci akaendelea. "Hapa kila mtu anakuja saa anayotaka. Niazime hiyo filimbi."

Nyumba ni yake. Ngazi ni zake. Kamba ni yake. Sasa anataka na filimbi.

"Siazimi," nikasema. "Jumatatu na Jumatano nitakuja kwako niwapulizie mwenyewe. Lakini Ijumaa ni yangu. Mtakuja Makina wote, na wewe pia."

"Ile njia ya siku zote?"

"Utaona."

Ijumaa walikuja wote, na kwa wakati. Filimbi ya kwanza, tunakaza mwendo hadi nguzo ya stima inayofuata. Filimbi ya pili, tunatembea polepole. Nguzo baada ya nguzo. Wakati wa kurudi nikawapitisha njia nyingine, yenye mlima, ambayo nilikuwa naikwepa tangu tuanze.

Katikati ya mlima Wangeci alisimama, mkono kiunoni, jasho likimtoka hadi shingoni.

"Ngai! Mama Audrey, ngoja kidogo nipumue."

Nilimngoja. Nilihesabu hadi kumi, nikaangalia kile kiuno chake, nikapuliza.