Blanketi la Mchanga

Adong alifika kwenye kibanda cha Emérance siku ya Ijumaa, soko la Bwera, mpakani mwa Uganda, likiwa limefurika watu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Hakuitazama mito iliyopangwa mezani. Alisimama mbele ya cherehani na kungoja hadi Emérance alipomaliza pindo alilokuwa akilishona.

"Mama, watu wanasema wewe unatengeneza kitu ya kulala," alisema. "Mzee wangu hapana lala. Tangu atoke ng'ambo, miezi tano sasa, hapana lala."

Ng'ambo ni Congo, hatua chache tu kutoka pale, na Emérance alikuwa ametoka huko huko. Kijiji chake kilikuwa upande wa Beni. Siku mumewe alipouawa kwenye shamba la kakao, alikimbia na nguo alizovaa tu, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Bwera. Mtawa mmoja wa Butembo, Sista Aimée, ndiye aliyemfundisha kazi hii pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakishtuka hata kikombe kikianguka. Aliwafundisha kushona mito ya sufi yenye majani makavu ya mchaichai ndani, na vifuko vya uwele vya kuwekwa juu ya macho. Zaidi ya vyote, aliwafundisha kushona blanketi zito.

Blanketi hilo lilikuwa kazi ya wiki nzima. Emérance alichota mchanga mto Lhubiriha, akauosha mpaka maji yatoke meupe, akauchemsha, akauanika juani. Kisha aliugawa katika vifuko vidogo vya ukubwa wa kiganja, akavishona safu kwa safu kati ya vitambaa viwili vya pamba. Ukijifunika, ni kama mtu amekukumbatia bila kukuuliza neno. Yeye mwenyewe alikuwa nalo moja, na bila hilo asingepata lepe la usingizi.

"Bwana yako iko na kilo ngapi?" akauliza.

Adong hakujua. Kwa hiyo Jumatatu Emérance alikwenda mwenyewe kwenye nyumba za askari, kando ya barabara ya Kasese. Alimkuta mume wa Adong, Sajini Kenneth, ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, buti miguuni, ijapokuwa hakuwa zamu. Alikuwa mtu wa Kitgum, kaskazini mwa nchi, mrefu, mashavu yamebonyea.

"Pima haraka, mama," alisema. "Mimi iko na kazi."

Hakuwa na kazi. Emérance alimwomba waende kwa mnunuzi wa kahawa pale jirani, na Kenneth akapanda juu ya mizani ya magunia huku vibarua wakiangalia pembeni kwa heshima. Mizani ilisimama kwenye kilo sabini na moja.

"Lako litakuwa na kilo saba, afande," Emérance alimwambia. "Si zaidi. Ikipita pale, inakunyima pumzi."

"Nitalala chini yake kama maiti?"

"Utalala sawa na mutu."

Kenneth alimtazama. "Wewe ni wa wapi kule?"

Alimtajia kijiji. Askari yule aliinamisha kichwa, akashuka kwenye mizani. Emérance hakumuuliza kama aliwahi kufika huko. Kuna mambo ambayo ukiyauliza lazima uyabebe, na yeye alikuwa na ya kwake.

Blanketi lilifanya kazi. Wiki mbili baadaye Adong alirudi sokoni akitembea kama mtu mwingine, mkungu wa gonja, zile ndizi za kuchoma, kichwani, zawadi. Kenneth alikuwa amelala saa sita mfululizo. Alikuwa ameanza kula. Alikuwa amevua buti. Adong alisimulia yote hayo kwa sauti kubwa, na wateja waliokuwa wakibonyeza mito wakasogea kusikiliza. Mwalimu mmoja kutoka Kyondo aliuliza kama angeweza kushonewa lake. Emérance alihisi joto la furaha kifuani, joto ambalo hakuwa amelihisi tangu avuke mpaka.

Mtoto, Lamaro, alikuwa na miezi saba. Meno yalikuwa yanamwota, na alikuwa akilia mgongoni mwa mama yake bila kukoma.

"Sasa ni huyu," alisema Adong, akimrusharusha. "Mzee analala, mtoto hapana lala. Mimi nimechoka, Mama Emérance. Nachoka mpaka nasahau jina langu. Hiyo blanketi inaweza tuliza mtoto pia?"

Watu walikuwa wakingoja jibu. Mwalimu wa Kyondo alikuwa ameshika kitambaa mkononi. Emérance alicheka.

"Inatuliza kila mutu, mama," alisema. "Hata mutoto."

Alisema vile kwa ajili ya wateja, kama mwenye duka anavyosema. Sista Aimée alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja: mtoto mchanga kamwe, mtoto asiyeweza kujifunua mwenyewe kamwe. Alilijua onyo hilo kama alivyojua sala zake. Lakini mwalimu aliuliza swali jingine, mwanamke mwingine akataka mto wa mchaichai, na alipoinua macho, Adong alikuwa ameshapotea kwenye umati. Emérance alijiambia kwamba atamwambia vizuri akija tena.

Habari ililetwa na Tabisa, Mkonzo mwenyeji wa Bwera aliyempangisha chumba, Jumatano iliyofuata mchana. Aliingia bila kubisha na kukaa juu ya gunia la sufi.

"Yule mke wa sajini," alisema. "Mtoto wake amekufa."

Emérance aliacha kukanyaga cherehani.

Tabisa alieleza kama alivyosikia kisimani. Siku iliyotangulia Kenneth alikuwa zamu. Mtoto alilia asubuhi nzima. Saa sita mchana Adong alimlaza kitandani, akamfunika blanketi la baba yake, akaketi sakafuni kando yake, mgongo ukutani. Mtoto alinyamaza. Mama naye, ambaye hakuwa amepumzika siku nyingi, akapitiwa na usingizi pale pale. Alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Majirani walisikia ukelele. Hospitali walifika, lakini walifika na mwili.

"Polisi wamemchukua mama," Tabisa aliendelea. "Wako naye Kasese. Watu wanasema aliua kwa hasira. Eti jirani mmoja alimsikia asubuhi akimfokea mtoto anyamaze."

 Emérance akamwambia Tabisa yote: swali la Adong, wateja, kicheko chake, na yale maneno, hata mutoto.

 Tabisa akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mwalimu wa Kyondo. Na wanamuke wa soko, sijue majina yao."

"Hawatakumbuka. Wewe huna kitambulisho cha hapa, una karatasi ya ukimbizi tu. Ukijipeleka, watakufunga au watakurudisha ng'ambo. Mtoto ameshakufa, Emérance. Funga mdomo wako."

Alifunga mdomo. Alhamisi alishona. Ijumaa alikwenda sokoni, akapanga mito yake, na wanawake walisimama mezani pake wakizungumza habari ya yule mke wa askari aliyemfunika mwanawe mpaka akafa. Mmoja alisema watu wa kaskazini hawana moyo. Mwingine alisema hata mbuzi hawezi kufanya hivyo. Emérance aliwapimia kitambaa. Jumamosi alikwenda kanisani kuungama, akapiga magoti, lakini padri alipomfungulia dirisha yeye akainuka. Alitoka nje bila baraka.

Jumatatu alfajiri aliiweka karatasi yake ya ukimbizi ndani ya sidiria, akamwachia Tabisa ufunguo, akaenda Kasese.

Kituoni alipokewa na afisa mmoja, Ahimbisibwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Emérance alieleza akiwa amesimama. Alisema yeye ndiye aliyeshona blanketi, na kwamba mama wa mtoto alimuuliza kama linamfaa mtoto.

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilisema ndiyo. Nilijua haifai, na nilisema ndiyo."

Ahimbisibwe aliweka kalamu chini. "Tumemuuliza Adong mara nne ni nani aliyemwambia amfunike mtoto vile. Mara nne amesema hakuna. Amesema ni akili yake mwenyewe."

Emérance hakuwa ametarajia hilo. Njia nzima alikuwa amejiandaa kukuta jina lake limeshaandikwa mle, alaumiwe, apigiwe kelele. Alimwomba afisa amruhusu kumwona Adong hata dakika moja.

Walimtoa Adong uani, kwenye benchi chini ya ukuta. Maziwa yalikuwa yamelowanisha gauni lake kifuani, yamekauka, yakalowanisha tena. Hakumtazama Emérance. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Kwa nini haukunitaja?" Emérance aliuliza. "Ni mimi njo nilikuambia."

Adong aligeuza viganja vyake juu.

"Nikisema wewe," alijibu, "Lamaro anarudi?"

"Apana. Lakini wewe unaachiliwa."

"Niende wapi?" Sasa alimtazama, na macho yake hayakuwa na chuki wala msamaha. "Alinyamaza, Mama Emérance. Mimi nikafurahi. Hiyo ndiyo polisi hawajaandika. Alinyamaza, mimi nikasema asante Mungu, nikafunga macho."

Emérance alinyoosha mkono kumgusa bega. Adong aliusogeza ule mkono pembeni polepole, kama unavyosogeza pazia.

"Usinishike," alisema. "Tafadhali. Usiombe kitu kwangu. Mimi sina."

Maelezo ya Emérance yaliandikwa kurasa tatu, akatia kidole gumba mwishoni mwa kila moja. Walimshikilia siku tano. Mwalimu wa Kyondo alipatikana, na tofauti na alivyodhani Tabisa, alikumbuka kila neno, hata kicheko. Baada ya hapo Adong aliachiliwa, faili yake ikafungwa kama ajali. Emérance aliachiliwa kwa dhamana ya parokia, faili yake ikabaki wazi, na kila mwezi ilimbidi aende Kasese kuonyesha uso. Blanketi lilibaki kituoni ndani ya gunia lenye namba.

Lamaro alizikwa Kasese, kwa sababu safari ya Kitgum ni ndefu na mwili ulikuwa umekaa siku nyingi. Adong alirudi kwa wazazi wake kaskazini siku ya pili baada ya mazishi. Kenneth hakumsindikiza hadi kituo cha basi. Watu walisema hakumlaumu mkewe kwa mdomo, ila alimwambia hawezi tena kulala nyumba moja naye, na Adong alijua maana yake: ndoa ilikuwa imekwisha.

Sista Aimée alikuja Bwera aliposikia. Hakumkaripia Emérance. Alimwambia blanketi bado ni dawa kwa watu wazima, kwamba kule Butembo bado wanawake wanalingoja, na kwamba kuacha kabisa ni kuwaadhibu wasio na kosa.

"Ninajua, Sista," Emérance alijibu. "Mwingine atashona. Hii mikono yangu haitaishona tena."

Tangu hapo alishona mashati ya shule. Alishona mapazia. Mwalimu wa Kyondo alipita sokoni mara moja, akanunua zipu, akalipa, akaondoka bila salamu. Na wateja wapya, wasiojua habari, walipouliza juu ya lile blanketi zito walilosikia habari zake, Emérance aliinamia cherehani na kusema hajui wanazungumzia nini, nao wakaenda kujaribu meza nyingine.