Hatua Thelathini

1.
Wewe unayepanda mlimani, soma kwanza. Mimi ni mama Nakijwa. Shule niliishia la saba, lakini hili nalijua.

2.
TANGAZO
Njia ya zamani ya msituni IMEFUNGWA. Sehemu ya korongoni imebomoka. Wananchi wote watumie njia mpya.
Kikundi cha Kujitolea.

3.
Njia inafungwaje? Si haina mlango? Nikaenda kuangalia.
Walichimbua udongo uliokanyagwa miaka na miaka, ukalainika kama tuta la viazi. Wakapanda miche. Wakachomeka matawi makavu, yamesimama kama yameota pale pale. Jicho linapita, halioni njia.
Nilipenda, nisiseme uongo.

4.
"Mmefunga yote?" nilimuuliza Elinihaki, kiongozi wao.
"Hatua thelathini juu, hatua thelathini chini. Asiyeona mlango ataingia wapi, mama?"
"Na katikati?"
"Patajiotea penyewe."
Nakijwa, binti yangu, jembe begani: "Mama anataka tufunge mpaka mawingu!"
Wakacheka.

5.
Alivyobeba Nakijwa Alhamisi, kwenda kumwagilia miche ya juu:
ndoo
kata
kanga yangu, bila kuniomba

6.



Ukungu.



7.
Nilichomfundisha tangu ana miaka minne: ukipotea msituni, usihangaike. Itafute njia ya zamani, ifuate inakoteremka. Itakuleta nyumbani.

Mimi ndiye niliyemfundisha.

8.
Elinihaki, anahema: "Ndoo tumeikuta kwenye miche. Ina maji."
"Na yeye?"
"Nyayo zimeingia msituni. Labda alifuata matawi ya kuongezea."

9.
Sasa fikiri na mimi, wewe unayesoma. Aliyepotea haingii kwa mlango. Anatokea ubavuni, miguu inakanyaga katikati. Pagumu, pasafi, hapana mche wala tawi. Nani amwambie pamefungwa? Anamshukuru Mungu. Anateremka. Na mbele, kabla ya zile thelathini za chini, korongo

10.
Nimesimama njia mpya. Mkono wangu mwenyewe siuoni.
"Nakijwaaa!"

"Nakijwaaaa!"

"Abee, mama!"

Kule. Upande wa njia ya zamani.
Sauti ina furaha: "Usihofu! Nimeshaipata njia!"

"Simama! Usiinue mguu! Nakijwa, simama!"

Nasikiliza.

Jiwe moja linabingirika.

Nasikiliza