Uzi Mwembamba Kuliko Unywele

Daktari mgeni alimshona Zenon, mume wangu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akichungulia kwenye darubini. Mbegu zipo, alituambia, njia yake ndiyo iliyoziba, ameiunganisha upya. Asishike jembe mpaka mvua zikatike. Mshono ukifumuka, daktari mwenyewe atakuwa ameshaondoka nchini, na hakuna mwingine wa kuurudia.

Tuliporudi kijijini kwetu, ng'ambo ya Matai, tulikuta wenzetu wanaanza matuta ya intumba, yale ya kufukia majani yaoze, kwenye shamba la ujamaa. Kupindua majani na udongo mbichi ni kazi ya kiuno. Zenon akachukua jembe.

"Usiende, mwenzangu."

"Nikibaki watauliza."

"Sema unaumwa."

"Naumwa nini, Bertilla? Wameshaniita maksai. Wakijua nilikopasuliwa, nitaishi wapi?"

Nikamfuata.

Shambani, jirani yetu Leonsi ndiye aliyemwona kwanza. "Mpisheni maksai," akasema, "si ndiye mlimaji?"

Watu wakacheka. Zenon naye akacheka, akainua jembe juu kuliko wote.

Tuta la kwanza likaisha. Kwenye la pili niliona jasho juu ya mdomo wake, na asubuhi ilikuwa na baridi. Akasimama, mkono ukashuka kinenani, akaurudisha upesi kwenye mpini. Nikaufikiria ule uzi. Nikisema, namvua nguo mbele ya kijiji. Nikinyamaza, huenda mtoto wetu anakatikia pale pale, kwenye majani.

Alipoinua tena, nikaingia kwenye mstari wake nikaushika mpini.

"Toka, mwanamke," akanong'ona.

"Ameshonwa," nikawaambia watu. "Amepasuliwa hospitali ili tupate mtoto. Sehemu yake nitalima mimi."

Hakuna aliyecheka. Leonsi alianza kukwangua tope kwenye jembe lake. Msimamizi, Mzee Kornel, akasema taratibu, "Nenda kalale, kijana. Si ungesema tu."

Zenon aliondoka bila kunitazama.

Niliporudi, mikono imechubuka, nilimkuta amelala kaelekea ukutani.

"Umeniaibisha, Bertilla."

"Najua. Panaumaje?"

Akageuka, akauchukua mkono wangu, akauweka kinenani juu ya kitambaa kilichofunika mshono.

"Panachoma," akasema. "Pamevimba? Mimi naogopa kuangalia."

Palikuwa pa moto. Nikafunua kitambaa polepole, naye akafumba macho.