Ng'ombe Thelathini wa Ganza

Siku hiyo mjinga alikuwa Ganza, tusitafute mwingine. Nuru ya saa nne ilikuwa imelala juu ya ziwa Tanganyika kama mabati mapya, ikaruka ikaingia madirishani mwa ukumbi, ikamkuta amesimama mbele ya kamati ya bourse, wale waliomlipia masomo. Kifua mbele, shati limepigwa pasi, akili ameiacha mlangoni.

Mama Libérate, mwenye daftari, aliuliza swali la kawaida tu: "Kwenu Rurambo, iko ng'ombe?"

Jibu lilikuwa neno moja. Hakuna. Vita vilipita huko juu, vikaswaga zizi zima, vikaacha kamba na harufu ya maziwa. Mzee Manassé, baba yake, aliwafuata ng'ombe wake mwaka uleule. Neno moja, jamani, na chuo kingeendelea kulipwa!

Lakini nyuma yake walikaa wenzake wa darasa, watoto wa wavuvi, akina Damien wenye kucheka upesi. Na Ganza ametoka kule ambako watu wakisalimiana hutakiana mifugo, ambako asiye na ng'ombe husogea pembeni wenzake wakiongea. Ulimi ukakataa. Ulimi ukapanda mlima bila yeye.

"Iko," akasema, akaanza kuwaita. Gaju, mwekundu kama udongo ulionyeshewa. Bihogo, mwenye pembe za kukumbatia mwezi. Gitare, mweupe hata ukungu ulimwonea wivu. Bugondo wa madoadoa, aliyekataa kukamuliwa na mtu asiyeimba. Akawaita wote thelathini, kwa rangi zao, kwa mama zao, kama baba yake alivyowaita wakirudi zizini. Ukumbi ukapiga makofi. Damien mwenyewe akapiga mluzi.

Mama Libérate akaandika, kwa herufi ndogo kama ndagala, dagaa wa ziwani: ng'ombe thelathini.

Ee Ganza! Weye uliimba, mwenzako alihesabu.

Barua ilikuja baada ya majuma mawili. Bourse imekwenda kwa wasio na kitu. Na minerval, ile ada ya mwaka mzima ambayo kamati ilikuwa imeahidi kuilipa mwishoni, sasa iko juu ya "familia yenye uwezo": dola mia nne na themanini, kabla ya mtihani. Familia yenye uwezo! Mama mmoja, mbuzi wawili, na shamba la viazi lililoinama kama mtu anayeomba radhi.

Uvira ni mji mwembamba. Mgongo wake mlima, miguu yake majini. Mtu akitaka kujificha, atajificha wapi? Ganza alishuka ufukweni, pale ziwa lilipopanda likameza nyumba za watu, akaketi juu ya ukuta uliobaki, uso kwa maji, ili mlima usimwone machoni.

Karibu naye wanawake walianika ndagala, wakitaniana. Hakuna aliyemwita. Chuoni wenzake walikaririshana masomo. Hakuna aliyemwulizia. Siku ya kwanza alizungumza na ziwa. Siku ya pili ziwa nalo lilichoka, likawa linajibu neno lilelile, lilelile, likirudi nyuma. Upweke wake ulikuwa wa namna yake: majina thelathini ya kuita, na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuitika.

Njia ilikuwapo. Mama Libérate, ambaye si mtu mbaya, alikuwa amemwambia: "Leta karatasi ya chef wa kijiji, iseme ng'ombe hakuna. Mwisho Ijumaa." Karatasi tu. Lakini Ganza aliiona kama kaburi la pili la baba yake, kaburi lenye muhuri.

Alhamisi simu ililia. Mama yake, Mukabalisa, alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo ya simu. Upepo ulifika kabla ya sauti. Ganza akamweleza yote, ukumbi, makofi, barua, karatasi. Ndiyo mara ya kwanza kumweleza mtu.

"Chef iko hapa chini, na muhuri iko nayo," mama akasema. "Nishuke nimwambie aandike?"

"Hapana, Mama. Tusiandike ya kwamba Baba alikufa masikini."

"Alikufa masikini, Ganza. Nilikuwako."

"Ng'ombe zake bado iko! Minye nazijua zote, moja moja. Ngoja nikutajie..."

Akataja. Gaju, Bihogo, Gitare. Nuru juu ya maji ikapasuka vipandevipande, ikamchoma. Akafumba macho, na kweli akawaona wakija, polepole, wakikanyaga ziwa bila kuzama. Huko kilimani upepo ulipiga, ukapiga, kisha mama akamkatiza.

"Kama iko, panda uzikamue weye. Minye nimechoka kukamua majina."